Nukta ya Mia na Kumi na Saba

Setilaiti hupita juu yetu kila siku ya kumi na sita,
saa nne na nusu asubuhi, haibishi hodi.
Saa hiyo watoto wa Ligula wako darasani,
na korosho, kama ni Oktoba, zinaokotwa.

Mimi nimekaa miaka mitatu mbele ya picha zake.
Nimeupaka mji rangi: nyekundu majengo,
kijani mikorosho, njano mashamba,
kijivu ardhi tupu, buluu maji.
Elfu mbili na tano: nyekundu imejikunja Shangani na Chikongola
kama mtoto aliyelala na baridi.
Elfu mbili na kumi na tatu: habari za gesi zimefika,
nyekundu imeamka, imevaa viatu,
inashika barabara ya Naliendele bila kugeuka nyuma.
Sura ya nne ya tasnifu inauita "mwelekeo."
Mama anauita "ule mwaka wa wazimu."

Kisha msimamizi akaniandikia mstari mmoja:
Umehakiki ardhini?

Kompyuta ikapiga kura, ikaniteulia nukta mia nne.
Nikakodi bodaboda ya Chilumba, kijana wa Chuno,
anayezijua njia ambazo ramani yangu haijazizaa.
Nukta ya mia na kumi na sita, mashine ilisema maji.
Tukakuta bati jipya likimeremeta
na fundi Namkwahe juu ya ngazi, misumari mdomoni.
Chilumba akacheka mpaka akapiga honi:
"Dada, leo tumevuka bahari kwa pikipiki!"

Mia na kumi na saba, Mangamba: jengo.
Palikuwa na msingi, kuta za tofali hadi kiunoni,
nondo zimechomoza, zina kutu rangi ya ugoro,
hakuna paa, hakuna mlango wa kubisha.
Sebuleni, njugu mawe. Chumba cha wageni, mihogo.
Bi Somoe Nachundu alikuwa jikoni
(pale ambapo jiko lingekuwa) akipalilia.
"Karibu ndani," akasema,
nami nikavua viatu, sijui kwa nini,
nikasimama juu ya udongo.

Nikamweleza: pikseli moja ni mita thelathini kwa thelathini,
hatua arobaini huku, arobaini huku,
na vyote vilivyomo lazima viwe kitu kimoja.
Akazipima kwa miguu yake, jembe begani, akitaja:
msingi wa mwanangu Hemedi, aliyeuza tofali kambini,
akaondoka walipoondoka wakandarasi;
mikorosho miwili ya shemeji, kesi bado iko kata;
choo;
kaburi dogo, lina kigae cha sahani ya buluu;
na hii njia ya majirani, haina mwenyewe.
Akafika ukingoni, akasimama.
"Haya. Kitu kimoja hicho kinaitwaje?"

Fomu yangu ina visanduku vitano.
Chilumba alizima pikipiki.

"Na hiyo inayopita saa nne, inarudi lini?"
Nikahesabu. Jumanne ijayo.
"Jumanne nitakuwa nimeshazing'oa njugu.
Itaona nyumba tupu.
Waambie haikuwa tupu."

Jedwali la nne, safu ya mwisho, linasema kilimo.
Niliandika kilimo kwa sababu njugu zilikuwa zimekomaa
na kalamu ilikuwa imechoka kukaa hewani.
Usahihi wa jumla, asilimia themanini na saba, si haba.
Msimamizi ameizungushia nukta hiyo wino:
kosa la mashine, au la mtafiti?
Sijamjibu.

Kwenye begi la kompyuta kuna njugu za msimu uliopita,
alizonifungia kwa gazeti wakati Chilumba anapiga kiki.
Ngumu kama kokoto.
Zinataka kulowekwa usiku kucha.